Mtihani wa kompyuta na mtihani wa karatasi: mtoto ni yuleyule, jibu si lilelile

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne katika shule ya binafsi hapa Dar. Muhula huu uongozi ulihamishia mitihani ya katikati ya muhula kwenye kompyuta, ikiwemo karatasi zenye maswali ya kujieleza. Nikiongea na walimu wenzangu wa Tegeta na Mbezi naona kwao nako upepo ni huohuo. Wazazi wamefurahi. Matokeo yanatoka mapema, karatasi hazipotei, rimu za kununua zimepungua. Ila kuhusu jibu lenyewe analoandika mtoto, na linavyobadilika akitoka kwenye kalamu kwenda kwenye kibodi, sijasikia mtu akiuliza.

Maswali ya kuchagua sina ugomvi nayo. Darasa la saba wanaweka kivuli na mashine inasahihisha tangu 2012, na kubonyeza B kwenye skrini hakutofautiani sana na kuiwekea kivuli. Nazungumzia insha. Nazungumzia swali la fasihi linalotaka hoja na mifano kutoka kwenye diwani, swali ambalo mtoto anafikiri huku anaandika.

Nieleze nilichokiona. Mashine hazikutosha, hivyo nusu ya darasa walifanyia chumba cha kompyuta, nusu wakabaki darasani na kalamu. Swali moja, muda mmoja. Mimi nilisimamia chumba cha kompyuta. Kuna binti ambaye kwenye daftari anajaza kurasa bila kuinua kichwa. Alianza: "Fasihi ni sanaa itumiayo lugha". Programu ikapiga mstari mwekundu chini ya "Fasihi", chini ya "sanaa", chini ya "itumiayo". Akasimama. Akafuta "itumiayo", akaweka "inayotumia", mstari ukarudi. Akafuta sentensi nzima. Nusu ya muda ilipokwisha alikuwa na utangulizi peke yake. Alikuwa anatafuta herufi mojamoja kwa kidole kimoja, macho yanashuka kwenye kibodi, yanapanda kwenye skrini, na kila yakipanda ile sentensi aliyokuwa nayo kichwani imeshamponyoka. Jirani yake ni kijana mwenye laptopu nyumbani. Yeye aliandika hoja ya tatu kwanza, akaipandisha juu, akarudi kuongezea mfano kwenye hoja ya pili, na akabakiwa na muda wa kupitia kazi yake. Kwenye daftari, binti ndiye anayemzidi.

Baada ya hapo alama za makundi yote mawili zikaingizwa kwenye orodha moja, wakapangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, orodha ikabandikwa ubaoni. Nililalamika kwenye kikao, na hapa nalalamika tena.

Nimesoma tafiti za wenzetu wa nje, na kwa kweli hazisemi kompyuta ni mbaya. Mwaka 1997 Michael Russell na Walt Haney walichapisha utafiti wao kwenye shule moja ya Worcester, Massachusetts, ambako watoto walikuwa wamezoea kuandikia kazi zao kwenye kompyuta. Wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wakajibu kwa kalamu, wale kwa kompyuta. Majibu ya kalamu yakachapwa yote kabla ya kusahihishwa, ili msahihishaji asijue lipi limetoka wapi. Waliotumia kompyuta, asilimia 67 walifikia kiwango cha kufaulu. Waliotumia kalamu, asilimia 30. Shule moja, walimu walewale, na zaidi ya nusu ya ufaulu imepotelea kwenye kalamu! Baadaye Russell akatazama kasi ya kuchapa, na hapo ndipo mambo yanapogeuka: mtoto anayechapa maneno kama 20 kwa dakika au zaidi alifanya vizuri kwenye kompyuta kuliko kwenye karatasi. Aliye chini ya hapo kompyuta ilimshusha.

Halafu kuna ile tathmini ya kitaifa ya Marekani, NAEP. Mwaka 2002 waliwajaribu darasa la nane, na wastani wa kompyuta na wa karatasi haukutofautiana kwa kiasi cha maana. Ukiishia kwenye wastani utasema hakuna tatizo. Lakini ndani ya kundi la kompyuta, uzoefu wa mtoto na kibodi ulitabiri alama yake hata baada ya kuzingatia jinsi anavyoandika kwa kalamu. Mwaka 2012 wakajaribu darasa la nne. Wanafunzi wa juu walipata zaidi kwenye kompyuta kuliko wenzao wa kiwango hicho waliotumia karatasi. Wa kati na wa chini hawakupata faida hiyo. Kwa maneno mengine, kifaa kiliwanyanyua waliokuwa juu tayari, na pengo likapanuka.

Sasa hebu lileteni hili Dar, ambako mtoto mmoja ana laptopu chumbani na mwenzake wa dawati moja anaigusa kompyuta kipindi kimoja kwa wiki, wawili au watatu kwenye mashine moja.

Msimamo wangu ni kwamba mtoto apimwe kwa kifaa alichojifunzia kuandika, na kama kifaa kinabadilishwa apewe muda wa kukizoea kabla alama hazijaanza kuhesabiwa. Na watoto waliotumia vifaa viwili tofauti wasipangwe kwenye orodha moja.

Nawasilisha.

Kijana wa Savei

Shikamoo mwalimu. Mimi niko chuo mwaka wa tatu na kwangu ni kinyume chake kabisa. Tangu mwaka wa kwanza kila kazi naandikia kwenye laptopu na kuituma kwenye mfumo wa chuo. Nimeshazoea kuanzia popote, mpangilio unakuja baadaye. Ikifika UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, napewa kijitabu na kalamu, saa tatu. Ukurasa wa kwanza mwandiko unasomeka, wa nne hata mimi mwenyewe unanishinda. Nikikumbuka hoja iliyotakiwa kukaa mwanzoni natia alama ya nyota pembeni na maelezo "tazama ukurasa wa mwisho", basi namwachia Mungu kama msahihishaji ataufuata. Nina rafiki amesapu, yaani amefeli na kurudia mtihani, kozi ambayo yeye ndiye alikuwa anatufundisha hosteli. Watu kama sisi kalamu ndiyo inatuonea.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba kijana wangu. Wewe na wale watoto wa Worcester mko kundi moja, na malalamiko yako yananiunga mkono. Miaka mitatu umefundishwa kufikiri kwa kibodi, siku ya hukumu unakabidhiwa kalamu.

Suala la mwandiko nalo ni la kweli. Steve Graham na wenzake walikusanya tafiti mwaka 2011 wakaona kuwa insha ileile, maneno yaleyale, ikiandikwa kwa mwandiko usiosomeka vizuri inapewa alama ndogo. Na uchambuzi mwingine wa 2003, wa Goldberg, Russell na Cook, ulipitia tafiti 26 za miaka ya 1992 hadi 2002 na kukuta wanafunzi wanaoandika kwa kompyuta wanaandika kazi ndefu zaidi na bora zaidi. Kwa hiyo aliyekizoea kifaa kinamsaidia, hilo silikatai hata kidogo.

Ila angalia kitu kimoja ulichokisema mwenyewe, kwamba unaanzia popote na mpangilio unakuja baadaye. Christina Haas aliliona hilo mwaka 1989: watu wakiandikia kwenye kompyuta wanapanga kidogo kabla ya kuanza kuliko wakiwa na kalamu. Mwenye kalamu anajua kufuta ni gharama, kwa hiyo anakaa kwanza, anachora hoja zake nyuma ya karatasi, ndipo anaanza. Mwenye kompyuta anaanza, anapanga akiwa njiani. Kwako wewe, ukiwa na laptopu yako, muda na vidole vyepesi, utaratibu huo unafanya kazi. Kwa kidato cha tatu mwenye dakika arobaini, akikosa mpango mwanzoni na kasi ya kupanga njiani hana, jibu linabaki vipande. Insha za chumba cha kompyuta nilizosahihisha nyingi ziko hivyo. Aya fupifupi, kila moja na wazo lake, hakuna kinachoziunganisha. Viunganishi ninavyowafundisha kila siku, "licha ya hayo", "kwa upande mwingine", "hivyo basi", havikuonekana. Watoto haohao kwenye daftari wanavitumia mpaka nawapunguzia.

Mama Mbagala

Habari zenu. Mwalimu, nimesoma mpaka machozi yamenilenga kwa yule binti. Wangu yuko shule ya kata, kidato cha pili. Kompyuta iko ofisini kwa mkuu wa shule. Nyumbani tuna simu tu, na kwenye simu huyo mtoto anaandika haraka sana kwa vidole gumba viwili. Je, hiyo inahesabika kama kujua kutaipu? Maana nikiona shule za binafsi zinahama, najua iko siku mtihani wa taifa nao utahama, na wangu atakuwa wapi?

Mwalimu wa Zamu

Mama, nakuelewa. Kwa sasa mwanao anaandika kwa kalamu darasani na atapimwa kwa kalamu, hivyo hajapunjwa.

Simu inasaidia kwenye kuzoea skrini, lakini kibodi ya mezani ni kazi nyingine. Vidole kumi, funguo ziko mbali, herufi hazijipendekezi zenyewe. Na simu imewafundisha mwandiko wa aina yake. Kwenye chumba cha kompyuta nilikuta "cjui", "xaxa" na "2naona" ndani ya jibu la fasihi, kutoka kwa watoto ambao kwa kalamu hawathubutu kuniandikia hivyo. Siwaiti wavivu. Mkono ulipogusa skrini ulikumbuka kule ulikozoea kuandika kwenye skrini, yaani kwenye magumzo. Mwalimu anaweza kulirekebisha hilo kwa mazoezi ya wiki chache, mradi mazoezi hayo yawepo kabla ya mtihani.

Fundi Mifumo Kijitonyama

Mkuu, nimefunga mifumo ya mitihani kwenye shule na vyuo kadhaa hapa mjini, kwa hiyo naongea kama mtu wa upande wa mashine. Mengi uliyoyaona ni mipangilio ambayo mtu hakujisumbua kuigusa.

Mstari mwekundu unazimwa. Ni kubofya mara mbili tatu, na ukiweza kuizima programu nzima isijisahihishe ni bora zaidi. Ukiiacha, mtoto wa Kiswahili anaambiwa kila neno lake ni kosa, na mwingine anakubali pendekezo, "dhamira" inageuka neno la Kiingereza lisilohusiana na swali. Kwa mtihani wa Kiingereza ni kinyume, mstari mwekundu unamfanyia kazi ya tahajia ambayo mwenzake wa karatasi anaifanya mwenyewe. Kwa vyovyote vile usawa haupo.

Kitu kingine ambacho walimu hawakioni ni ukubwa wa kiboksi cha jibu. Wanaotengeneza madodoso ya mtandaoni wanalijua hili muda mrefu: kiboksi kikubwa kinaleta jibu refu, kiboksi kidogo kinaleta jibu fupi. Swali la alama 15 likiwekewa kiboksi cha mistari mitatu, mtoto anadhani anatakiwa mistari mitatu. Na akishaandika ikizidi, mwanzo wa jibu lake unapanda juu haonekani tena. Hawezi kutazama kazi yake yote kwa mara moja kama anavyofungua karatasi mbili mezani. Anarudia hoja bila kujua kwamba alishaiandika.

Halafu umeme. Mfumo lazima ujihifadhi wenyewe kila baada ya sekunde chache, na seva iwe na UPS, betri ya akiba. Mtoto aliyepoteza aya mbili kwa sababu umeme umekatika, hata ukimpa dakika za nyongeza, zile aya hazirudi zilivyokuwa.

Finland ndiyo nchi ninayopenda kuitolea mfano. Mtihani wao wa kumaliza sekondari ya juu ulianza kuhamia kwenye kompyuta vuli ya 2016, na walianza na masomo matatu tu: Kijerumani, Jiografia na Falsafa. Wakaenda somo kwa somo, Hisabati ikaja mwisho, masika ya 2019. Mwanafunzi anakuja na laptopu yake, inawashwa kwa mfumo uliomo kwenye flashi, hivyo mafaili yake mwenyewe hayafikiki. Na shule zilipewa programu ya aina hiyohiyo, inaitwa Abitti, wakawa wanaitumia kwenye mitihani yao ya kawaida. Siku ya mtihani mkubwa mtoto hakuona kitu kigeni.

Msahihishaji Mstaafu

Vijana, nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewasoma wote kwa makini. Mnamzungumzia mwandishi. Mimi nataka mumtazame pia anayesoma, kwa sababu yeye ndiye mwenye kalamu nyekundu.

Mkiwa meza ya usahihishaji, kila mmoja na swali lake, unapokea majibu ya swali hilohilo kutoka kwa watoto wengi mno kwa siku. Jibu la mkono lina mtu ndani yake. Unaona alipokaza kalamu, unaona alipokata akaandika upya, unaona mwandiko unavyolegea mwishoni muda ulipomwishia. Bila kukusudia unamhesabia jitihada. Neno lisilosomeka vizuri unalisoma kwa upande wa heri: hapa alitaka kusema "maudhui", endelea. Jibu lililochapwa halina hayo. Kila herufi iko wazi, na "maudhuhi" inakaa pale inakutazama. Tena kurasa mbili za mkono zikichapwa zinabaki robo tatu ya ukurasa, na jicho lililozoea kurasa mbili linasema huyu hakujieleza.

Msidhani ni hisia zangu. Mwaka 1994 Donald Powers na wenzake wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, wale wenye mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, walichukua insha za mkono wakazichapa, na zilizochapwa wakaziandika kwa mkono, kisha wakazipeleka kwa wasahihishaji. Matoleo ya mkono yalipata alama zaidi, na hata insha iliyozaliwa kwenye kompyuta ilipanda ilipohamishiwa kwenye mwandiko wa mkono. Baadaye wakawaandaa wasahihishaji, wakawaeleza tatizo, na pengo likapungua.

Kwa hiyo, mwalimu, yule binti wako alipunjwa mara mbili. Aliandika kidogo kuliko uwezo wake, kisha kidogo hicho kikasomwa kwa jicho kali. Na kijana mwenye laptopu naye huenda alipata pungufu kuliko alichostahili, kama uliisahihisha kazi yake mara tu baada ya rundo la mkono.

Mwalimu wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la upande wa msomaji sikuwa nimelitilia uzito, na linanihusu moja kwa moja kwa sababu nilisahihisha marundo yote mawili jioni moja. Nashukuru sana.

Mzalendo wa Kigamboni

Mimi natofautiana na nyinyi wote. Dunia imeshahama. Usaili wa kuandika wa Sekretarieti ya Ajira siku hizi unafanyika kwenye kompyuta. Anayetaka kusoma Marekani anakutana na TOEFL ya intaneti, iliyoanza 2005, na insha unachapa. Hakuna ofisi hapa Posta itakayokupa kalamu uandike ripoti. Mkisubiri kila mtoto awe na laptopu nyumbani ndipo muanze, mtasubiri hadi wajukuu zao. Bora waumie sasa wakiwa kidato cha tatu kuliko kuumia kwenye usaili wakiwa na njaa.

Mwalimu wa Zamu

Kaka, kwamba watoto wajue kuchapa tunakubaliana. Tunapotofautiana ni hapo kwenye "waumie".

Massachusetts walifanya hivyo bila kukusudia. Mwaka 2015 na 2016 baadhi ya wilaya zilifanya mtihani wa PARCC kwa kompyuta na nyingine kwa karatasi. Ben Backes na James Cowan walilinganisha matokeo, utafiti ukachapishwa 2019. Mwaka wa kwanza, shule za kompyuta zilionekana kushuka kwenye Kiingereza kwa kiasi ambacho watafiti walikikadiria kuwa kama miezi 11 ya masomo, na Hisabati kama miezi mitano. Watoto hawakusahau miezi 11. Kifaa ndicho kiliwafanya waonekane hivyo. Mwaka wa pili pengo likapungua, Hisabati likabaki kama theluthi, Kiingereza kama nusu. PISA nayo, ule mtihani wa kimataifa wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, ilipohamia kwenye kompyuta mwaka 2015, John Jerrim na wenzake walitazama majaribio ya awali ya Ujerumani, Ireland na Sweden wakakuta waliotumia kompyuta walikuwa chini ya waliotumia karatasi. Hizo ni nchi zenye kompyuta kila kona.

Unaona kwamba mazoea yanapunguza pengo. Hilo linakuunga mkono wewe unayesema tuanze sasa. Lakini ule mwaka wa kwanza ni wa nani? Ni wa watoto walio mbele yangu leo, na alama zao zinaamua nani anaingia mkondo gani, nani anabaki na ufadhili wake, nani mzazi wake anaambiwa amtafutie shule nyingine. Waanze leo kuchapa, sawa. Alama zao za kuchapa zisitumike kuwahukumu mpaka vidole vyao vifike.

Na huo usaili wa ajira, sehemu kubwa ya ninaosikia wakisimulia ni maswali ya kuchagua. Huko kasi ya kuchapa haina nafasi kubwa. Ukimpa mtu insha ya hoja tano, ndipo kibodi inakuwa sehemu ya mtihani.

Madam wa Baiolojia

Naomba niongeze langu kwa kifupi. Somo langu lina michoro. Swali linasema chora moyo wa binadamu na uweke majina ya sehemu zake. Kwenye mfumo tuliopewa hakuna pa kuchorea, kwa hiyo swali limebadilishwa likawa "eleza muundo wa moyo". Hilo ni swali jingine kabisa! Mtoto anayejua moyo kwa kuuchora, akakuonyesha valvu ziko wapi na damu inapita upande gani, sasa anatakiwa aueleze kwa sentensi za Kiingereza. Hisabati ni balaa zaidi. Sehemu juu ya sehemu, kipeo, alama ya mzizi, mtoto anatumia dakika tano kutafuta alama ambayo kwa kalamu ni sekunde mbili, na hatua za katikati anaziruka. Hatua hizo ndizo zenye alama. Tunamsahihisha kwenye kitu ambacho kifaa kimemzuia asituonyeshe.

Fundi Mifumo Kijitonyama

Madam uko sahihi. Wateja wangu wenye busara wanaacha michoro na hesabu kwenye karatasi, kisha wanaipiga picha na kuiunganisha na jibu la kompyuta. Mtihani mmoja unaweza kuwa na vifaa viwili, mradi kila mtoto apate vyote viwili kwa usawa.

Mama Mbagala

Jamani nashukuru kwa elimu hii. Kwa hiyo mimi mzazi nifanye nini kwa sasa? Hapa mtaani kuna steshenari, kijana wa pale anachapa kazi za watu kwa kurasa. Nimpeleke mwanangu Jumamosi?

Msahihishaji Mstaafu

Mpeleke, mwanangu, lakini kwa sharti moja: yeye ndiye akae kwenye kibodi. Wazazi wengi wanalipia kazi ichapwe, mtoto anasimama nyuma anasubiri iprintiwe. Anarudi nyumbani na karatasi nzuri, vidole vilevile. Mwombe huyo kijana ampe nusu saa muda ambao wateja ni wachache, achape insha yake mwenyewe aliyokwisha kuiandika kwenye daftari. Akiwa na insha tayari hahitaji kufikiri la kusema, anafundisha mikono tu. Mikono ikishazoea ndipo ajaribu kutunga hapohapo kwenye skrini.

Fundi Mifumo Kijitonyama

Na zipo programu za bure za kufundisha kuchapa ambazo hazihitaji bando. Zinawekwa kwenye mashine yoyote, hata ya zamani. Mwambie wa steshenari aweke. Zinampimia kasi yake kwa dakika, kwa hiyo ile namba 20 ya mwalimu unaweza kuifuatilia mwenyewe.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, kikao cha taaluma ni Ijumaa na nimeshaandika ninachokwenda kukipendekeza, nakiweka hapa mkikosoe. Muhula ujao chumba cha kompyuta kiwe wazi baada ya vipindi kwa ajili ya kuchapa tu, kidato cha tatu wakipewa kipaumbele. Kasi ya kila mtoto ipimwe mwanzoni na mwishoni. Mitihani ya kujieleza irudi kwenye karatasi kwa wote hadi hapo, na majaribio ya kompyuta yaendelee bila alama zake kuingia kwenye ripoti. Mstari mwekundu uzimwe, kiboksi cha jibu kiwe kikubwa kulingana na alama za swali. Michoro na hesabu zibaki kwenye karatasi. Na siku tutakapohamia, wahamie wote kwa pamoja, au wasihame.

Kwa wasahihishaji nimependekeza marundo mawili yasichanganywe, na kabla ya kuanza tusome pamoja majibu machache yaliyoandikwa kwa mkono na yaleyale yakiwa yamechapwa, tuone wenyewe tunavyotoa alama tofauti. Yule binti ameshakubali insha yake ya daftari itumike, bila jina.

Kilichobaki kunisumbua ni ile orodha iliyobandikwa. Nitaomba iondolewe na alama za mtihani ule zisihesabiwe kwenye wastani wa mwaka, kwa makundi yote mawili. Mwenye uzoefu wa kikao cha namna hii, hasa aliyewahi kushawishi uongozi ufute alama zilizokwisha kutangazwa, aniandikie hapa kabla ya Ijumaa.